Kubembeleza si Kudekeza

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Swali langu kwako, msomaji mpenzi, ni hili: je, tunalea mwili peke yake, au na moyo pia? Nawasikia wengi wakisema, "Usimbembeleze kila akilia, atadeka bure. Mwache, atanyamaza mwenyewe." Mimi nawapinga, na sababu ninazo.

Ushahidi wa kwanza watoka hapa jirani, Uganda. Mnamo 1954 na 1955, mtaalamu wa saikolojia Mary Ainsworth alizitembelea familia 26 za Waganda karibu na Kampala, akitazama jinsi akina mama walivyoishi na watoto wao wachanga. Matokeo aliyatoa kitabuni mwaka wa 1967. Aliona nini? Watoto waliokuwa na uhakika na mama zao hawakuwa wa kulialia. Walitambaa wakaenda zao, wakashika hiki na kile, wakageuka kuona kama mama yupo, kisha wakaendelea. Wasio na uhakika huo ndio waliolia sana, hata wakiwa mikononi mwa mama! Mwaka wa 1972, yeye na Silvia Bell walichapisha utafiti wa Marekani ulioonyesha kuwa watoto walioitikiwa upesi miezi ya mwanzo walilia kidogo zaidi walipokaribia mwaka mmoja. Kumbe tegemeo la karibu ndilo humpa mtoto ujasiri wa kwenda mbali.

Sasa, tusichanganye mambo. Kudekeza ni kumpa mtoto kila atakacho na kumwacha afanye apendavyo. Kubembeleza ni kumsikiliza kwanza, kisha kumwelekeza. Mama akimwambia, "Naona umekasirika, lakini kumpiga ndugu yako, hapana," mtoto hupata mawili: hasira yake imejulikana, na mpaka ameuona. Polepole hujifunza kuitaja hasira badala ya kuirusha kama jiwe. Huko ndiko kukomaa.

Nao akina baba wasijifiche nyuma ya gazeti. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 53, inasema jukumu la kumlea na kumlinda mtoto ni la mama na baba kwa usawa. Kulipa karo ni vyema, lakini karo haiulizi, "Mwanangu, mbona leo umenyamaza?"

Haya si ya watoto wachanga tu. Hata sisi wa sekondari, anayejua kuwa nyumbani atasikilizwa hupeleka shida yake huko: amefeli mtihani, ameonewa bwenini, au ameshawishiwa kuvuta bangi. Asiyejua hivyo huipeleka kwa yeyote atakayempa sikio, awe mwema au mbaya.

Wazazi wapendwa, tusikilizeni mapema. Nasi tulio na wadogo zetu nyumbani, likizo ndiyo hiyo yaja. Mdogo wako akija analia, usimwambie, "Nyamaza!" Muulize, "Kuna nini?"