Kondoo wakitupa mimba Kimana, hospitali iamke

Ikiwa umewahi kupita barabara ya kutoka Emali kwenda Loitokitok siku ya mnada, bila shaka umeiona Kimana. Malori yamepangwa kando ya zizi, kondoo na mbuzi wamepakwa rangi mgongoni ili wasichanganyikane, na akina mama wanauza nyanya na vitunguu vilivyokuzwa kwa maji ya chemchemi za Kilimanjaro. Kufikia usiku baadhi ya wanyama wale huwa wamefika machinjioni karibu na Nairobi. Kesho yake nyama iko katika bucha lako la Kitengela, Rongai au Buruburu.

Ndiyo sababu juma hili nakuandikia wewe wa mjini juu ya ugonjwa ambao wengi huudhani ni wa wafugaji peke yao, yaani homa ya Bonde la Ufa. Sitaki kukutisha. Nyama iliyopikwa ikaiva vizuri haina hatari. Ninalotaka ulielewe ni kwamba ugonjwa huu hupiga hodi kabla ya kuingia, na serikali inayongoja mpaka mgonjwa avuje damu wodini huwa imekwisha kupoteza karibu miezi miwili.

Ugonjwa wenyewe ukoje?

Wataalamu waliueleza mara ya kwanza mwaka wa 1931, baada ya kondoo kufa kwa wingi katika shamba moja karibu na Naivasha. Unaletwa na virusi vinavyobebwa na mbu. Kuna mbu wa jamii ya Aedes ambao hutaga mayai katika udongo wa mabondeni, na virusi huweza kukaa ndani ya mayai hayo makavu kwa miaka mingi. Mvua ya kawaida haiyasumbui sana. Lakini mvua ikizidi na maji yakatuama kwa majuma kadhaa, mayai huanguliwa na mbu huruka wakiwa tayari na virusi mwilini. Wanawauma kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia. Baadaye mbu wa aina nyingine, wale wa madimbwi, hupokea zamu na kuusambaza mbali.

Dalili kubwa kwa mifugo ni kutupa mimba, tena si mnyama mmoja au wawili bali karibu zizi zima, huku wana-kondoo wachanga wakifa kwa wingi. Binadamu huupata hasa kwa kugusa damu na majimaji ya mnyama mgonjwa: anayechinja, anayechuna, anayemsaidia kondoo kuzaa, anayeokota kijusi kilichotupwa. Mbu pia huambukiza. Kutoka mtu kwa mtu, hapana.

Wengi wanaoambukizwa hupata homa, maumivu ya kichwa, misuli na viungo, kisha hupona baada ya siku chache. Wachache huharibika macho. Wachache zaidi huvimba ubongo, au ini huharibika na damu huanza kutoka puani, kwenye ufizi na tumboni. Katika kundi hili la mwisho, karibu nusu hufa. Hakuna chanjo ya binadamu iliyoidhinishwa kwa matumizi ya kawaida, wala dawa maalumu. Hospitali humpa mgonjwa maji, damu na uangalizi. Kwa hivyo kinga yetu sisi watu iko katika zizi la kondoo.

Hesabu ya siku

Sasa tufanye hesabu. Baada ya mlipuko wa mwaka wa 2006 na 2007, watafiti waliwauliza wafugaji wa kaskazini mashariki mwa Kenya mambo yalifuatana namna gani. Tangu mvua kubwa ianze hadi mbu kujaa zilipita kwa wastani siku 24 hivi. Kutoka mbu hadi mnyama wa kwanza kuugua, siku 17. Kutoka mnyama hadi binadamu wa kwanza, siku 17 au 18. Ukijumlisha unapata karibu siku 58. Hata wale Wasomali walikuwa na jina lao la ugonjwa huo, sandik, maana yake kutokwa na damu puani, na walikuwa wakiwatambua wanyama wagonjwa kabla ya ofisi yoyote kupokea barua.

Je, tulizitumiaje siku hizo? Kabla ya mvua za mwisho wa 2006 kufikia kilele, wataalamu wa nje waliosoma joto la bahari na picha za setilaiti walikuwa wameshatoa tahadhari. Mgonjwa wa kwanza aliyefahamika aliugua mwisho wa Novemba. Maabara ilithibitisha ugonjwa mwezi Desemba. Chanjo ya mifugo ilianza Januari 2007. Kufikia Machi, wagonjwa 684 walikuwa wamehesabiwa nchini Kenya, na 155 kati yao walikuwa wamefariki. Mifugo iliugua katika wilaya 29 kati ya 69 za wakati ule, na ugonjwa ukavuka mpaka ukaingia Tanzania hadi mkoa wa Arusha na kwingineko. Mkaazi wa Kimana hahitaji ramani kujua mpaka huo uko karibu kiasi gani. Na huu haukuwa mkasa wa kwanza. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta mlipuko ambao inakadiriwa uliwaambukiza watu 27,500 katika wilaya ya Garissa pekee.

Nisiwe mwamuzi wa wengine tu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa zamu katika kliniki moja kusini mwa Kajiado, msimu wa vuli. Kijana mchungaji aliletwa na mama yake akiwa na homa. Kipimo hakikuonyesha malaria, lakini nilimpa dawa ya malaria, kama tunavyofanya mara nyingi tukiwa na foleni mlangoni. Siku ya nne alirudi akiwa hoi. Nilipokuwa nikitafuta mshipa, mama akasema, "Daktari, hata kondoo wetu wametupa mimba. Wamepita kumi." Mara ya kwanza sikuwa nimemwuliza habari za mifugo hata kidogo.

Nikampigia simu mtu wa mifugo wa eneo lile. Alikuwa na habari hiyo tangu majuma matatu nyuma. Ameiandika, faili iko ofisini, pikipiki haina petroli. Sampuli ya damu ya kijana ilikaa kwenye friji yetu siku mbili ikingoja gari. Majibu yalichukua siku 16 kutufikia: ilikuwa bruselosi, ugonjwa mwingine wa mifugo na maziwa mabichi. Alitibiwa akapona. Lakini ingekuwa homa ya Bonde la Ufa, malori mangapi yangekuwa yameondoka mnadani katika majuma yale?

Kujitayarisha ni nini basi?

Tukisikia maneno "kujitayarisha kwa dharura", wengi wetu huona ambulansi mpya na mheshimiwa akikata utepe. Ambulansi ni nzuri. Lakini kwa ugonjwa huu, vitu vya maana ni vidogo na havina utepe: petroli ya pikipiki ya afisa wa mifugo, chupa za sampuli na sanduku la barafu, glavu za wachinjaji, na mazoea ya daktari wa watu na daktari wa wanyama kupigiana simu. Nchini tuna kitengo cha pamoja cha wizara ya afya na ile ya mifugo kinachoshughulikia magonjwa kama haya, kilichoundwa mwaka wa 2011. Tangu 2013 kazi kubwa ya afya na mifugo iko mikononi mwa kaunti, na huko ndiko mambo hukwama au huenda.

Kuna tatizo la chanjo ambalo watu wengi hawalijui. Chanjo ya zamani ya mifugo inaweza yenyewe kumfanya kondoo mwenye mimba aitupe. Tena ugonjwa ukishaingia zizini, kuchanja ni hatari, kwa maana sindano moja ikitumiwa kwa wanyama wengi huhamisha virusi. Kwa hivyo chanjo ni ya kabla, si ya baadaye.

Linganisha hilo na kalenda ya fedha. Utabiri wa mvua za Oktoba hadi Desemba hutolewa Agosti au Septemba. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na makadirio ya kaunti hupelekwa bungeni kufikia mwisho wa Aprili. Maana yake utabiri ukitoka, fedha zimeshagawanywa. Kuna wanaosema mfuko wa dharura upo. Ni kweli Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuwa nao, lakini matumizi yake yana kikomo cha asilimia 2 ya mapato, na sheria inataka haja iwe ya haraka na isiyotarajiwa. Ugonjwa uliotutembelea 1997, 2006 na tena 2018 kule Wajir utasemaje hautarajiwi? Chanjo ya mifugo yapaswa kuwa na mstari wake katika bajeti ya kawaida. Vikao vya kusikiliza maoni ya wananchi huwa kabla ya Juni. Wewe wa Kitengela ni mkaazi wa kaunti ile ile ya Kajiado, nenda ukaulize.

Nyumbani kwako, chemsha maziwa hata kama umeyanunua kwa mtu unayemwamini. Nunua nyama yenye muhuri wa mkaguzi, na ukichinja nyumbani sikukuu, usimchinje mnyama aliyeonekana mgonjwa. Mchinjaji avae glavu na anawe kwa sabuni. Mvua zikizidi, laleni ndani ya chandarua. Na ukishikwa na homa baada ya kwenda mashambani, mwambie daktari uligusa mnyama gani, hata asipokuuliza. Pengine ana foleni mlangoni kama niliyokuwa nayo mimi.