Sayari Kumi na Mbili za Nyanza: Mafunzo Niliyopata Nikiandika Hadithi ya Anga

Mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulitimiza miaka 100, na katika kuadhimisha ukazigawia nchi mbalimbali nyota na sayari ili wananchi wazipe majina. Tanzania tulipangiwa nyota WASP-71. Tukaiita Mpingo, na sayari yake tukaiita Tanzanite. Wenzetu wa Kenya waliita nyota yao Kalausi na sayari yake Buru. Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Chato. Habari ile ilinikaa kichwani wiki nzima, kisha nikanunua kaunta buku ya kwaya tatu nikaanza kuwaandikia wanafunzi wangu hadithi.

Niliwaza ziwa. Mtoto wa huku anakua akijua kwamba ukitoka mwaloni kuna Rubondo, ukisonga mbele kuna Maisome na Kome, na mbele zaidi Ukerewe. Kila kisiwa kina mambo yake, na chombo kinafika kote. Basi nikaumba nyota nikaiita Nyanza, nikaizungushia sayari kumi na mbili, zote zikiwa na maji, miti na watu wanaosafirishiana bidhaa. Sura ya kwanza niliisoma kwa sauti mbele ya kidato cha tatu. Msichana aliyeketi karibu na dirisha akanyoosha mkono: "Samahani mwalimu, hizo sayari zote kumi na mbili zinapataje joto la kufaa kutoka jua lilelile moja?"

Nilimwambia nitamjibu kesho. Jibu kamili limenichukua miaka.

1. Joto la nyota huisha haraka kuliko tunavyodhani.

Kesho yake nilikwenda darasani na balbu ndogo ya tochi, betri, na kipande cha boksi la sabuni nilichokitoboa tundu la mraba. Tulifunga madirisha kwa kanga. Boksi tuliliweka rula moja kutoka kwenye balbu, na nyuma yake tukashika karatasi ya daftari la hesabu. Karatasi ikiwa imegusana na boksi, mwanga ulijaza mraba mmoja wa ukubwa wa tundu. Tulipoisogeza mpaka rula mbili kutoka kwenye balbu, mwanga uleule ukatandaa miraba minne. Rula tatu, miraba tisa. Ukizidisha umbali mara mbili unabaki na robo. Ukizidisha mara tatu unabaki na sehemu moja ya tisa.

Tukapiga hesabu za jua letu. Zuhura iko kwenye asilimia 72 ya umbali wetu, inapata karibu mara mbili ya mwanga tunaoupata. Mirihi iko mara moja na nusu ya umbali wetu, inapata asilimia 43 tu. Ukanda ambao maji yanaweza kukaa juu ya ardhi bila kuchemka yote wala kuganda yote ni mwembamba, na mimi nilitaka kuupakia sayari kumi na mbili.

2. Sayari zikikaribiana sana zinaharibiana.

Nilifikiri nitatatua shida kwa kuzibananisha. Mjomba wangu aliyevua dagaa maisha yake yote ndiye aliyenifungua macho, ingawa hakuwa akizungumzia sayari. Usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, ukisimama mwaloni Chato unaona taa za wavuvi zimetapakaa ziwani kama mji. Kutoka nchi kavu zinaonekana zimepangwa holela. Nilimwuliza mbona hawasogeleani ili wasaidiane upepo ukichafuka. Akasema, "Mwanangu, ukiniona nimemkaribia mwenzangu, ujue kesho tutakuwa na kesi ya nyavu."

Sayari nazo zina nyavu zao, ndiyo mvutano. Kila moja inaivuta jirani yake inapopita karibu. Mvuto wa mara moja ni mdogo, lakini ukirudiwa kwa mamilioni ya miaka njia zinapinda, zinakatana, na mwishowe sayari zinagongana au moja inatupwa nje gizani. Mwaka 2020 Stephen Kane wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, na wenzake walichapisha hesabu zao: nyota moja ya namna fulani inaweza kuwa na sayari mpaka saba zinazokalika, na jua letu lingeweza kubeba mpaka sita. Kinachozuia ni jitu. Sayari kubwa kama Mshtarii inazivuruga ndogo zisitulie mahali pake.

Jua letu, kwa hiyo, lingeweza kuwa na sita na limebaki na moja. Nilikaa na sentensi hiyo jioni nzima.

3. Kuna zinazobanana na bado zinaishi, kwa sababu zinafuata mdundo.

Mfano upo kweli. Februari 2017 Michaël Gillon wa Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, na wenzake walitangaza kwamba nyota TRAPPIST-1 ina sayari saba zenye ukubwa unaokaribiana na dunia. Iko miaka ya nuru 40 hivi kutoka kwetu, upande wa kundi la Dalu, na ni hafifu mno kwa jicho la mtu hata usiku wa Chato ulio safi. Walizigundua kwa kuona mwanga wa nyota ukipungua kwa chini ya asilimia moja kila sayari inapokatiza mbele yake, mithili ya mdudu anayepita mbele ya karabai. Moja ya darubini zilizofanya kazi hiyo iko Afrika, kwenye milima ya Atlas kule Morocco. Hilo niliwaambia wanafunzi mara mbili.

Sayari zote saba zinaenea ndani ya eneo dogo kuliko njia ya Utaridi. Ya ndani kabisa inamaliza mwaka wake kwa siku moja na nusu, ya nje kwa siku 19 hivi. Mbona hazigongani? Kwa sababu miaka yake imefungamana: ya nje ikizunguka mara mbili, inayoifuata kwa ndani inazunguka mara tatu, jozi inayofuata ni tatu kwa nne, nayo inaendelea hivyo mpaka ndani. Aliyewahi kutazama bugobogobo ataelewa. Wachezaji wamesongamana, kila mmoja ana jembe mkononi, na hakuna anayemkata mwenzake, maana wote wanasikiliza ngoma moja. Akikosea mmoja, wote wako hatarini.

4. Kuwa mahali pazuri hakutoshi.

Katika zile saba, tatu ziko ndani ya ukanda wa maji. Magazeti mengi yaliishia hapo. Lakini Mwezi wetu unapata mwanga sawa na dunia na ni jangwa lisilo na hewa, na Zuhura ina angahewa nzito kiasi kwamba juu ya ardhi yake joto linafika nyuzi 465 hivi. Mwaka 2023 darubini ya James Webb ilipima sayari mbili za ndani za TRAPPIST-1: ya kwanza haikuonyesha dalili ya angahewa, ya pili haina angahewa nzito ya kabonidayoksaidi kama ya Zuhura. Nyota ndogo nyekundu kama ile huwa na milipuko mikali inayoweza kupeperusha hewa ya sayari iliyo karibu. Tena sayari iliyo karibu hivyo inaelekea kugeuza uso mmoja tu kwa nyota yake: upande huu mchana wa milele, upande ule usiku wa milele.

Na Tanzanite yetu? Ni kubwa kuliko Mshtarii, mwaka wake haufiki siku tatu, inaungua. Hakuna atakayeishi huko. Wanafunzi wangu waliipenda vilevile.

5. Jiwe la Geita linajua zaidi ya hadithi yangu.

Hili ndilo funzo lililonigharimu zaidi. Nilikuwa nikichukulia kwamba sayari inayokalika ni sayari ambayo mhusika wangu atashuka kwenye chombo, avute pumzi, apande mihogo. Siku moja kijana aliyewahi kuwa mwanafunzi wangu, sasa anafanya kazi kwenye makarasha, alinipa jiwe kutoka kwenye duara walilolichimba. Lilikuwa la kijani kilichokolea, zito, limekatwa na mshipa mweupe wa kwatzi mwembamba kama uzi wa kushonea viatu. Dhahabu haikuonekana kwa macho. Huwa haionekani, ndiyo maana jiwe linasagwa.

Miamba ya ukanda wa Geita ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Nililiweka jiwe juu ya meza nikawauliza wanafunzi: jiwe hili lilipokuwa likiumbika, hapa palikuwaje? Bahari ilikuwepo. Jua lilikuwepo, hafifu kidogo kuliko leo. Uhai ulikuwepo pia, vijidudu visivyoonekana kwa macho. Hapakuwa na jani, samaki, wala mdudu wa kutambaa, na hewa haikuwa na oksijeni ya kumtosha mtu. Oksijeni ilianza kujikusanya angani miaka bilioni 2.4 hivi iliyopita, ikitolewa na vijidudu hivyo, na ikachukua zaidi ya miaka bilioni moja na nusu kufikia kiasi cha kuwatosha wanyama wakubwa.

Maana yake ni kwamba mgeni angeshuka Geita wakati ule, kwenye sayari hii hii yenye maji na uhai, angekufa kwa dakika chache. Sehemu kubwa ya umri wake dunia imekuwa na uhai bila kuwa na pumzi kwa ajili yetu. Kuwa na sayari sita zenye maji kwenye nyota moja ni jambo adimu ambalo hesabu inaliruhusu. Kuwa na sayari kumi na mbili ambazo zote zimefikia hewa ya kuvuta katika zama zilezile, hilo silikubali tena, labda pawe na mkono uliozitengeneza. Na mwandishi akiuweka mkono huo lazima atuambie ni wa nani.

Siku ile nilifuta sura nne.

6. Anayetaka dunia nyingi ana mlango, ila aupitie kwa haki.

Mlango huo ni miezi. Weka sayari kubwa ya gesi ndani ya ukanda wa maji, kisha izungushie miezi kadhaa yenye ukubwa wa kutosha kushika hewa. Sean Raymond, mwanaastronomia wa Bordeaux, Ufaransa, alifanya hesabu za namna hiyo mwaka 2014 akafikisha dunia 36 kwa nyota moja bila kuvunja sheria ya mvutano. Mwenyewe alieleza wazi kwamba si rahisi mfumo kama huo ujiumbe wenyewe. Ninamheshimu kwa yote mawili, kwa hesabu na kwa ukweli. Tena zipo bahari za kujificha: Europa, mwezi wa Mshtarii, uko mbali kabisa na ukanda wa joto, lakini kuna ushahidi mzito wa bahari chini ya barafu yake.

7. Maneno tunayo.

Rasimu ya kwanza ilijaa majina ya Kiingereza, kana kwamba anga ni ya wengine. Lakini Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali ni majina yaliyokuwa vinywani mwa mabaharia wa pwani, na Kilimia ni kundi la nyota lenye jina linalotokana na kulima. Nilipoyarudisha, wanafunzi waliacha kuniuliza maana ya maneno wakaanza kuniuliza maana ya mambo.

Hadithi imekwisha mwaka huu. Nyanza sasa ni nyota ndogo kidogo kuliko jua, haina jitu la kuvuruga ukanda wake, na ina sayari nane. Kutoka katika kila moja ya zile za kati, jirani huonekana usiku kama taa inayong'aa kuliko Zuhura. Zenye maji ni tatu. Yenye hewa ya kuvuta ni moja, na wahusika wangu wanaishi hapo wakiwatazama majirani wawili wenye bahari za vijidudu, ambao hawawezi kuwatembelea bila kubeba pumzi yao wenyewe. Yule msichana wa dirishani alimaliza shule zamani. Nakala ya kwanza nimempelekea yeye.