SOMO LA UFUNDI: Kijumba cha kupulizia rangi katika atelie ya koperative



Atelie iliyounganishwa na umeme wa Matebe, uliozinduliwa 2015, inaweza kutumikisha kompresa na kupuliza rangi juu ya mashine za kumenya kahawa na za kupukucha mahindi. Rangi inakinga chuma na kutu. Lakini mafundi wengi wanapuliza mule mule wanasudia vyuma, pembeni ya depo. Pale kuna hatari tatu: mapafu, moto, na mavuno. Kahawa kavu inavuta harufu upesi. Mnunuzi akiisikia ndani ya kikombe, bei inaanguka.

1. Mahali. Jenga nyuma ya atelie, mbali na depo, na kusuda, na jiko la makala.

2. Kuta. Mabati yanafaa kuliko shitingi, sababu shitingi inashika moto. Metre 2 kwa 2 inatosha mashine ndogo. Upande wa mbele ubaki wazi ili hewa safi iingie.

3. Hewa. Mvuke wa dilian ni mzito kuliko hewa, unashuka. Kwa hiyo toboa tundu la kutokea chini, ukuta wa nyuma, uweke eponji ya kunasa rangi, kiisha vantilateri. Moteri ibaki inje, izungushe kwa mukaba: cheche yake moja inaweza kulipusha kijumba. Swichi na taa, vilevile inje.

4. Jaribio. Mbele ya kupuliza, shika uzi mwepesi penye fundi atasimama. Ukielekea tundu, hewa inatembea. Ukining'inia tu, usianze.

5. Fundi. Kitambaa hakizuie mvuke. Ni lazima maski yenye makala ya kuchuja, kama ile ya kupuliza dawa za shamba.

Hapana kuchanganya rangi na esanse. Vitambaa vyenye rangi ya mafuta vitie ndani ya ndoo ya maji. Vikirundikwa vinaweza kuwaka vyenyewe. Sehemu zinazogusa mbegu ao kahawa zisipakwe rangi ya kawaida. Mashine isiingie depo mpaka harufu iishe kabisa.

Kama vantilateri haipatikane, tumieni pinso, inje. Kazi itachukua muda zaidi, lakini pinso haitupi ukungu wa rangi hewani.

Ya kujadili katika mkutano: kwetu, kati ya mahali pa rangi na depo kuna hatua ngapi? Upepo unaelekea wapi?