Simu ya Kijana wa Korti: Mwenzi au Mpelelezi?

Katika somo hili twataka kutazama jambo moja la nchi ya Marekani. Wako huko vijana waliopelekwa kortini ambao pia huvuta bangi. Watu wengi wameuliza: Je, simu janja aliyo nayo kijana mkononi yaweza kumsaidia aipunguze, hata aiache? Jambo hili lina fundisho kwa kila mtu aliyekabidhiwa kijana aliyekosa. Someni polepole, kisha mjibu maswali yaliyo mwishoni.

1. Kijana mwenyewe

Korti ya kwanza ya watoto katika Marekani ilifunguliwa mjini Chicago mwezi wa Julai 1899. Nia ya walioianzisha ilikuwa kwamba mtoto aliyekosa asihukumiwe kama mtu mzima, bali aonywe na kutunzwa. Tangu hapo desturi hiyo ilienea katika nchi yote. Mara nyingi kijana hafungwi. Hurudishwa kwao, akawekwa mkononi mwa ofisa wa uangalizi, naye hupewa masharti: aende shule, awe nyumbani saa iliyowekwa, asitumie bangi. Tena huweza kutakiwa kutoa mkojo wake upimwe.

Na tumfikirie kijana wa miaka 16 katika mji huo huo wa Chicago. Tangu tarehe 1 Januari 2020 sheria ya jimbo lake, yaani Illinois, yawaruhusu watu wenye miaka 21 na zaidi kununua bangi dukani. Basi kijana huyu akienda shule apita mbele ya duka, aona wakubwa wakitoka nayo, wala hakuna awakamataye. Kwao ni biashara ya halali. Kwake yeye ni kuvunja sharti la korti, na kosa hilo laweza kumrudisha mbele ya hakimu. Tusistaajabu, basi, akiona neno la wakubwa kuwa jepesi.

2. Bangi, na ugumu wa kuiacha

Wako wasemao kwamba bangi ni jani tu, wala haina neno. Lakini kilevi kilichomo, kiitwacho THC, kimezidi sana. Wataalamu walioipima bangi iliyokamatwa na serikali ya Marekani waliona kwamba mwaka 1995 kilevi hicho kilikuwa kama sehemu 4 katika 100. Kufika mwaka 2014 kilikuwa kama sehemu 12. Tena ubongo wa mtu huendelea kukomaa mpaka apite miaka ishirini na kitu. Ndiyo sababu aanzaye mapema huumia zaidi. Imekadiriwa kwamba katika watu 100 walioionja bangi, kama 9 hutekwa nayo; bali kati ya walioanza wakiwa vijana, hutekwa kama 17.

Aliyezoea kuvuta kila siku, akiacha ghafula, hushikwa na hasira, hukosa usingizi, na chakula hakimwingii. Mambo hayo huanza baada ya siku moja au mbili, huwa makali katika juma la kwanza, kisha hupungua. Mzazi asiyejua huona hasira ile akasema, "Mtoto huyu amezidi kuharibika," kumbe ndiyo kwanza anajaribu kutengenea.

Tena liko jambo jingine. Mabaki ya bangi hukawia katika mwili wa aliyeizoea, na mkojo wake huweza kuyaonyesha kwa majuma kadhaa. Kwa hiyo kijana aweza kushindana na tamaa yake juma la kwanza, la pili, hata la tatu, asiivute hata mara moja. Akipimwa, kipimo chasema kwamba imo. Kipimo huona mabaki; jitihada hakiioni. Wengi hukata tamaa hapo, wakisema, "Kama nahesabiwa mvutaji hata nisipovuta, nitaacha kwa faida gani?"

3. Jinsi simu isaidiavyo

Mshauri huonana na kijana pengine mara moja kwa juma. Lakini tamaa haingoji siku ya mshauri. Huja Ijumaa jioni, rafiki wakiwa wameketi ngazini. Huja usiku, baba na mama wakigombana. Huja baada ya kushindwa mtihani. Saa hiyo mshauri yuko kwake amelala, bali simu i mfukoni mwa kijana. Mwaka 2018 wachunguzi wa Pew waliona kwamba katika vijana 100 wa Marekani wenye miaka 13 hata 17, 95 walikuwa na simu janja au waliweza kuipata nyumbani.

Daktari Lydia Shrier na wenzake, wa hospitali ya watoto ya Boston, walijaribu njia moja kwa vijana wa miaka 15 hata 24 waliokuwa wakivuta mara nyingi. Kwanza kijana alizungumza na mshauri mara mbili. Mazungumzo hayo ni ya namna ile aliyoieleza mtaalamu William R. Miller mwaka 1983: mshauri hakaripii wala hahubiri, bali huuliza na kusikiliza, mpaka kijana aseme kwa kinywa chake mwenyewe kwa nini ataka kubadilika. Kisha, kwa muda wa majuma mawili, simu ilimwita mara kadhaa kila siku na kumwuliza: Uko wapi? Uko na nani? Je, watamani kuvuta sasa? Akijibu kwamba amefika mahali pa hatari, pale alipokwisha kupataja mwenyewe, simu ilimletea maneno machache ya kumsaidia ajizuie.

Nguvu ya njia hii imo katika mambo mawili. La kwanza ni wakati: neno humfikia saa ile ile ya vita. La pili ni kujitambua. Kijana aliyedhani kwamba huvuta "basi tu" aona kwa majibu yake mwenyewe kwamba huvuta kila anapokuwa peke yake, au kila anapotoka kugombana.

Lakini tusizidishe sifa. Vijana wale walipatikana katika matibabu, si kortini. Majaribio ya namna hii yamekuwa ya watu wachache. Wala simu haikuwekwa mahali pa mshauri, bali ilifuata mazungumzo yake. Tena kijana wa korti ana hofu ambayo kijana mwingine hana, nayo ndiyo kiini cha somo hili.

4. Simu ile ile ikiwa mpelelezi

Katika jimbo la California kijana mmoja, ambaye katika maandiko ya korti huitwa Ricardo P., alikiri kosa la kuvunja nyumba. Hakuna lililoonyesha kwamba alitumia simu katika uhalifu ule. Hata hivyo hakimu alimpa sharti kwamba simu yake na vyombo vyake vya namna hiyo viweze kupekuliwa wakati wowote bila hati. Kwa nini? Hakimu alisema kwamba vijana hupenda kujisifu kwa bangi katika intaneti. Basi simu itaonyesha kama huyu avuta. Kesi ilipanda mpaka Mahakama Kuu kabisa ya jimbo, nayo mwezi wa Agosti 2019 ikalifuta sharti lile, kwa kuwa mzigo wake ulipita kiasi kuliko faida iliyotazamiwa.

Basi linganisheni. Huko Boston simu iliulizwa imsaidie kijana. Huko California hakimu alitaka imshitaki. Chombo ni cha namna moja, na bangi ni ile ile, lakini kazi hizi mbili haziwezi kukaa pamoja. Wazee husema, mficha maradhi, kilio humfichua. Lakini nani asiyeficha maradhi, ikiwa atakayeyasikia ndiye atakayempiga? Kijana akijua kwamba neno "natamani kuvuta" litafika kwa ofisa kabla ya asubuhi, ataandika "sitamani." Simu itajaa majibu mema, na wakubwa watafurahi, na kijana ataendelea kuzama.

Kwa upande wa uchunguzi, sheria imeliona jambo hilo. Tangu Oktoba 2017 uchunguzi wa namna hii unaolipiwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani hupata wenyewe hati ya siri, ambayo humzuia mchunguzi asitoe kortini habari za mtu aliyemchunguza pasipo ruhusa ya mtu huyo. Lakini programu ambayo kijana huipakua mwenyewe kwa muuzaji haimo katika hati hiyo. Kwa hiyo, kabla kijana hajaandika neno la kwanza, na aambiwe waziwazi: nani atasoma, yatatunzwa muda gani, na ni mambo gani yatakayotolewa hata asipotaka, kama vile habari ya mtoto anayedhuriwa.

5. Fundisho kwetu

Hatusemi kwamba korti ifumbe macho. Ofisa ana kazi yake ya kuangalia sharti, na mshauri ana kazi yake ya kuponya. Twaona yafaa ofisa aambiwe tu kwamba kijana ahudhuria. Aliyoyasema yabaki kwa mshauri.

Na sisi tusio na korti wala programu, tujihukumu. Mara ngapi kijana ametujia kwa siri, akatuambia udhaifu wake, na kabla ya jua kuchwa wazee wamekwisha kujua, na mama zake kisimani wamekwisha kusikia? Kijana yule harudi tena. Twasema, "Siku hizi vijana hawasemi." Walisema, nasi tuliwatangaza.

Maswali ya kujibu

1. Kwa nini kipimo cha mkojo chaweza kumvunja moyo kijana anayejitahidi kweli?
2. Kuna faida gani neno la msaada kufika saa ya tamaa, wala si siku tatu baadaye?
3. Hakimu wa California alitaka nini, na Mahakama Kuu ililifuta sharti lake kwa sababu gani?
4. Katika mtaa wako, kijana mwenye siri nzito aende kwa nani? Ikiwa huwezi kumtaja mtu, mna kazi gani ya kufanya?