Sebule ya Mpangaji: Maswali na Majibu Kuhusu Kutafuta Nyumba na Kwenda Sinema Dar es Salaam

Swali: Kwa nini suala la kutafuta nyumba ya kupanga lijadiliwe pamoja na suala la familia kwenda sinema?

Masuala haya huonekana kuwa mbalimbali kwa sababu moja huhesabiwa kuwa la lazima na jingine la anasa, lakini katika historia ya Dar es Salaam yote mawili yamekuwa yakijibu haja moja, nayo ni haja ya familia kupata mahali pa kukaa pamoja pasipokuwa pa kulala. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 mkazi wa kawaida wa Kariakoo, Ilala au Magomeni alipanga chumba, si nyumba, na ndani ya chumba hicho mlikuwa na kitanda, masanduku ya nguo, vyombo na watoto. Sebule, kwa maana ya chumba cha kupokelea wageni na kuketi na jamaa, hakuwa nayo. Haja ya kuketi haikwisha kwa kukosa chumba chake, bali ilitimizwa nje, kwenye baraza, uani, na kwa wale walioweza kulipa, ndani ya ukumbi wa sinema. Anayemuuliza dalali leo kama nyumba ina vyumba vingapi anaendeleza suala hilo lilelile, ingawa mara nyingi hulitaja kwa idadi ya vitanda vitakavyoenea.

Swali: Nyumba zilizokuwa zikipangishwa zilijengwaje?

Aina iliyoenea zaidi ni ile inayoitwa nyumba ya Kiswahili, ambayo ni jengo la mstatili, zamani la miti na udongo na baadaye la matofali ya saruji, lenye ukumbi mwembamba katikati unaotoka mlango wa mbele hadi mlango wa nyuma, na vyumba, kwa kawaida vitatu, kila upande wa ukumbi huo. Mbele palikuwa na baraza, nyuma palikuwa na ua uliozungushiwa ukuta wenye majiko, choo na bafu vilivyotumiwa na wote. Mwenye nyumba, na miongoni mwa wenye nyumba walikuwamo wanawake waliojenga kwa fedha zao au waliorithi, aliweza kuishi katika chumba kimoja na kuvipangisha vilivyobaki kwa familia zisizojuana, kila moja ikiwa na ufunguo wake. Kwa kumpatia mwenye nyumba kipato ulikuwa mchoro wa busara, na kwa mpangaji ulikuwa wa nafuu, lakini ni mchoro ambamo kila nafasi iliyofungwa milango ilikuwa ya kulala na kila nafasi ya kukaa ilikuwa ya wote. Baba aliyetaka kuzungumza na wanawe bila wapangaji wenzake kusikia hakuwa na mahali pa kufanya hivyo ndani ya nyumba aliyokuwa akiilipia.

Swali: Kumbi za sinema zilikuwa wapi, na familia zilizitumiaje?

Kumbi zilizojulikana zaidi, zikiwamo Avalon, Empire, Empress, Odeon, Cameo na New Chox, zilikuwa katikati ya mji au karibu yake, nyingi zikimilikiwa na kuendeshwa na familia za Watanzania wenye asili ya Kihindi, na zilifikika kwa miguu kutoka Kariakoo. Bei ya tiketi ilitofautiana kulingana na kiti: viti vya mbele, karibu na pazia, vilikuwa vya bei ya chini na vilijaa vijana, ilhali roshani ya juu ilikuwa ya bei kubwa na ndiko familia zilikopendelea kukaa. Mtu asiyekuwa na uwezo wa kupanga nyumba yenye sebule aliweza, mara moja kwa wiki au kwa mwezi, kuikodi roshani hiyo kwa saa tatu pamoja na mkewe, watoto na shangazi.

Jumapili ilikuwa siku ya filamu za Kihindi, na hapa panahitaji maelezo, kwa kuwa wengi hudhani filamu hizo zilipendwa kwa sababu ya nyimbo peke yake. Nyimbo zilikuwa na nguvu kweli, kiasi kwamba watu wasiojua neno la Kihindi waliziimba tangu mwanzo hadi mwisho, lakini filamu kama *Awaara* ya mwaka 1951, ambamo Raj Kapoor alikuwa mwelekezi na mwigizaji mkuu, na *Mother India* ya mwaka 1957, zilizungumzia mambo ambayo familia ya pwani iliyakuta nyumbani kwake: mwana aliyekanwa na baba, mama anayelea peke yake, deni lisilokwisha, ndoa inayopingwa na wazee. Aidha, wanaopendana katika filamu hizo hawakubusiana mbele ya kamera, hivyo mzazi aliweza kukaa na binti yake upande mmoja na mama mkwe upande wa pili bila mtu yeyote kulazimika kutazama chini. Filamu za kuchunga ng'ombe na bastola kutoka Marekani, na baadaye za kareti kutoka Hong Kong, ziliachiwa zaidi vijana. Mapumziko ya katikati nayo yalikuwa sehemu ya matembezi, kwani ndipo watu walipoonana, wakasalimiana na kuonyeshana nguo mpya, na si ajabu kwamba posa kadhaa zilianzia hapo.

Zanzibar kulikuwa na utaratibu wa maonyesho ya wanawake peke yao, ambao uliwawezesha wake na mabinti waliokuwa wakitawishwa kutoka nyumbani bila kuvunja mila. Dar es Salaam nayo ilipata mwaka 1966 sinema ya magari huko Msasani, maarufu kwa jina la Drive-In, ambapo watazamaji walibaki ndani ya magari au kando yake mbele ya pazia kubwa la wazi, wengi wakiwa na mito, mikeka na chakula kilichopikwa nyumbani. Ingefikiriwa kwamba burudani inayodai gari ingebaki ya wachache, lakini gari moja lilibeba jamaa na majirani kadiri lilivyoweza kuwameza.

Swali: Utaifishaji wa majengo wa mwaka 1971 uliathiri vipi upatikanaji wa nyumba?

Sheria ya mwaka huo iliiruhusu serikali kutwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yaliyokuwa yakipangishwa, na majengo hayo yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, chombo kilichokuja kuunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Shirika lenyewe lilikuwapo tangu mwaka 1962. Matokeo yake kwa mtafutaji yalikuwa ya aina mbili: aliyekwisha kuwamo ndani alilipa pango dogo na hakuwa na sababu ya kuhama, na aliyekuwa nje alisubiri miaka, au alimpa mpangaji anayeondoka fedha ya kando iliyoitwa kilemba ili amwachie nafasi. Kutafuta nyumba katikati ya mji kukawa zaidi kazi ya kujuana kuliko kazi ya kutembea.

Swali: Ni nini kilichoiondoa familia ukumbini na kuirudisha nyumbani?

Wengi hujibu kwamba ni televisheni, na jibu hilo lina ukweli nusu. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote hadi mwaka 1994, na kufikia wakati huo kumbi za Dar es Salaam zilikuwa zimekwisha kudhoofika. Kilichotangulia ni deki, yaani mashine ya kuchezea kanda za video, ambayo ilienea hasa katikati ya miaka ya 1980 pale masharti ya kuingiza bidhaa kutoka nje yalipolegezwa. Familia yenye deki ilihitaji mahali pa kuiweka, makochi ya kukalia, kabati la kuipamba, na mlango wa kuingizia majirani ambao hawakukosa kuja. Hapo ndipo sebule ilipoacha kuwa fahari ya ofisa wa serikali na kuwa sharti la mpangaji wa kawaida, na waliojenga Sinza, Tabata, Kimara na Mbezi wakaanza kugawa nyumba zao kwa namna ya chumba na sebule, yaani jozi ya vyumba viwili vinavyopangishwa kwa familia moja, mara nyingine pamoja na masta, ambacho ni chumba chenye choo na bafu ndani.

Mji nao ulikuwa umetanuka. Sensa ya mwaka 1967 iliihesabia Dar es Salaam watu 272,821, na ile ya mwaka 2022 watu 5,383,728, ilhali kumbi za zamani zilibaki zilipokuwa. Familia ya Mbagala au Bunju isingeweza kwenda mjini kwa miguu na kurudi usiku na watoto waliosinzia. Mahali pa kumbi pakashikwa mitaani na vibanda vya video, vinavyojulikana kama vibanda umiza, ambavyo vilikuwa na ufundi wao wa pekee, hasa ule wa wafasiri waliosimulia filamu kwa Kiswahili kwa utani mwingi, maarufu zaidi kati yao akiwa Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu. Hata hivyo vilikuwa vya vijana wa kiume, vyenye joto na mabenchi, na mama hakuwa na sababu ya kumpeleka binti yake huko.

Swali: Anayetafuta nyumba leo akague nini?

Kwanza ni dalali, mtu anayeunganisha mpangaji na mwenye nyumba, ambaye kwa desturi hudai fedha ya kuonyesha hata kama nyumba haikupendwa, na pango la mwezi mmoja mkataba ukifungwa. Ada ya kuonyeshwa ndiyo yenye hasara zaidi, kwa kuwa humfanya dalali afaidike kwa kumzungusha mteja kuliko kwa kumpatia nyumba. Ni bora ilipwe mara moja kwa nyumba zote, na kiwango kikubaliwe kabla ya kuondoka. Pili ni uhakika kwamba anayepangisha ndiye mwenye mali au amepewa idhini, jambo ambalo ofisi ya serikali ya mtaa huweza kulithibitisha kwa urahisi. Pango hudaiwa kwa miezi sita au mwaka kwa mkupuo, kwa hiyo kosa la siku moja humfunga mpangaji kwa muda mrefu. Sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti viwango vya pango na kumlinda mpangaji asitolewe kiholela ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo ngao kuu ya mpangaji ni mkataba wa maandishi, wenye muda wa notisi na masharti ya kupandisha pango.

Umeme unahitaji swali lake peke yake. Mita ya LUKU, yaani ile ya kulipia kabla ya kutumia, ikiwa ya nyumba nzima, ugomvi juu ya nani ana friji na nani hupiga pasi kila asubuhi hauepukiki, na tena tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia mita hiyo, ingawa mdaiwa wa kodi hiyo ni mwenye nyumba. Mpangaji anayenunua umeme anastahili kukubaliana mapema jinsi atakavyofidiwa.

Kisha ije sebule yenyewe, ambayo wengi huitazama kwa ukubwa tu. Sebule ambayo milango ya vyumba vyote, jiko na choo hufungukia ndani yake ni njia ya kupita, hata kama ina upana wa kutosha makochi mawili. Mgeni akikaa humo, mtoto anayetoka kuoga hana pa kupitia. Inafaa zaidi sebule ndogo yenye pembe mbili zisizokatizwa na mlango. Nyumba itazamwe pia usiku, kwa sababu baa ya jirani hailii mchana, na ikiwezekana wakati wa masika, hasa katika maeneo ya bonde la Msimbazi, ambako alama ya maji ukutani husema kuliko dalali.

Swali: Je, ukaribu wa ukumbi wa sinema wa kisasa uwe kigezo cha kuchagua mtaa?

Hapana. Kumbi za sasa zimo ndani ya majengo ya maduka, kama ule wa Mlimani City, jengo lililofunguliwa mwaka 2006, na familia nyingi huenda mara chache. Kinachofaa kupimwa ni usafiri wa kurudi: onyesho la alasiri la Jumamosi humrudisha mtu akiwa bado na daladala au mwendokasi, ilhali onyesho la saa tatu usiku humwachia gharama ya bajaji inayoweza kuzidi tiketi.

Swali: Mzazi achagueje filamu ya kwenda na watoto?

Filamu zinazoonyeshwa hadharani hupitiwa na Bodi ya Filamu, chini ya sheria ya mwaka 1976, na daraja la umri linalotolewa litazamwe kabla ya kununua tiketi. Urefu nao una maana, kwa sababu kumbi za leo huonyesha filamu bila mapumziko, na mtoto wa miaka minne hawezi kutulia gizani kwa saa mbili na nusu.

Swali: Familia yenye uwezo wa chumba kimoja tu ifanyeje?

Ichague ua kabla ya chumba. Chumba kikubwa chenye uani pabovu, penye choo kilichojaa na wapangaji kumi wanaogombea bomba, humfungia mtu ndani mchana kutwa, lakini chumba cha wastani chenye uani safi, kivuli na mwenye nyumba anayeruhusu mkeka kutandikwa humpa mpangaji nafasi ambayo hakuilipia. Pakiwa na televisheni moja inayotolewa nje jioni, ni vema wapangaji wakubaliane tangu siku ya kwanza nani hununua umeme wake na saa ngapi huzimwa, kwa sababu watoto wa chumba cha tatu huenda shule alfajiri.