Sauti Iliyobaki Kwenye Simu

Kisa cha kwanza cha korona nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Tangu hapo wengi walifia katika wadi walizotengwa, wakawaaga jamaa zao kwa simu. Simu hizo ndizo zinazoniletea barua za mirathi mpaka leo. Hapa nazijibu barua zile zinazoninyima usingizi.

Baba alinitumia ujumbe wa sauti kutoka wadini akisema shamba ni langu. Ndugu zangu wameshika wosia wake wa 2014. Si neno la mwisho ndilo linalosimama?

Barua hii ina wenzake watano, nawajibu pamoja. Hapana, silo linalosimama.

Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inautambua wosia wa mdomo. Lakini kifungu cha 9 kinataka utamkwe mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na aliyeutamka afariki ndani ya miezi mitatu. Akipona, akafa miezi mitano baadaye, maneno yale hayana kazi tena. Askari aliye vitani ana nafuu yake. Baba yako hakuwa vitani.

Sasa sikiliza hili, maana hapa ndipo familia huvunjikia. Wosia wa mdomo unaopingana na wosia wa maandishi ambao haujafutwa haufai kitu pale unapopingana nao. Haidhuru ulitamkwa kabla ya karatasi au baada yake. Upime basi ujumbe wako: ulisemwa kwako peke yako, wewe ndiye unayepewa shamba, na karatasi ya 2014 ipo. Simu inaweza kuonyesha kwamba baba alisema. Haiwezi kumleta shahidi wa pili kando ya kitanda.

Nimewahi kusikiliza ujumbe wa namna hii, mgonjwa akitweta baada ya kila neno, kisha nikalazimika kumwambia mwanawe kwamba hautamfaa. Waliozagaza uvumi kwamba neno la mwisho hufuta karatasi ndio waliofanya watu wasitafute kalamu wakati mzee alikuwa bado anakaa barazani na kunywa uji.

Mgonjwa anataka kuandika wosia, lakini ana ugonjwa wa kuambukiza. Mashahidi watakusanyikaje?

Hawahitaji kukusanyika. Kila shahidi amwone mgonjwa akitia sahihi, au amsikie mwenyewe akikiri kwamba sahihi ile ni yake, kisha naye atie yake mbele ya mgonjwa. Mmoja anaweza kuja asubuhi na wa pili jioni. Kutia sahihi uani, kila mtu na kalamu yake, kunatosha. Asiyeweza kuandika aweke alama, au amwagize mtu amtilie sahihi akiwa anamwona.

Shahidi asiwe mtu anayepewa kitu, wala mume au mke wake. Akishuhudia mmoja wao, fungu waliloandikiwa hubatilika, isipokuwa wawepo mashahidi wengine wawili wasio na masilahi.

Kuna bwana nje ya mahakama anauza fomu ya wosia yenye muhuri. Ninunue?

Usinunue. Wosia hauhitaji fomu wala muhuri.

Nikiandika wosia, si ninajiitia kifo?

Hapana. Anayekuambia hivyo mwulize wajane wa ndugu zake wanaishi wapi leo.

Mume wangu alipofariki nilitoa pesa zake za M-Pesa nikalipia jeneza na gari. Shemeji ananitisha na polisi.

Barua tatu zinafanana na hii, na zote zimeandikwa na wajane. Ni kweli, kifungu cha 45 kinakataza kugusa mali ya marehemu bila idhini ya sheria: faini hadi shilingi 10,000, au kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Lakini kifungu hichohicho, kinapomdai aliyegusa mali, kinampunguzia malipo yaliyofanywa kwa njia halali ya usimamizi. Weka risiti zote na utaje kila shilingi mahakamani. Kisha, kama kuna ng'ombe walioondoka bomani wiki ya mazishi, mwulize shemeji yako walikwenda kwa idhini ya nani.

Mama hakutaka kuwekwa kwenye mashine ya kupumulia. Ndugu tuligombana kwa simu, daktari akingoja. Nani alipaswa kuamua?

Mama mwenyewe, kwa maandishi. Sheria ya Afya ya 2017 inamruhusu mtu kumteua kwa maandishi wa kutoa ridhaa kwa niaba yake asipojiweza. Asipoteua, ndugu wa karibu ndio huulizwa, na ndipo mnapogombana. Andika jina la mtu mmoja, tia sahihi, mpe daktari nakala. Zaidi ya yote, keti na huyo uliyemteua umweleze unachokitaka na unachokiogopa. Mamlaka hayo ni ya matibabu tu, hayampi hati miliki ya mtu.

Mimi ni Mwislamu. Naweza kumwandikia mke wangu nyumba yote?

Wosia wako hauvuki theluthi, na mke ni mrithi tayari. Mrithi hausiwi ila warithi wengine wakiridhia. Muone Kadhi ukiwa mzima.

Wosia wa baba haukututaja mimi na mama. Ndiyo tumekwisha?

Bado. Kifungu cha 26 kinawaruhusu mke na watoto kuiomba mahakama iwatengee fungu la kutosha, lakini ombi liwasilishwe kabla kibali cha mirathi hakijathibitishwa. Nenda kwenye masijala ya mahakama wiki hii ukaulize kesi imefika wapi. Kikao cha wazee kitakusubiri.