Mwache Akisie Kwanza

Mtoto wa miaka sita hahitaji kungoja hadi ajue sehemu na desimali ndipo aanze kujifunza uwezekano. Kwa namna yake anaujua tayari. Mwambie kesho jua litachomoza, atakubali. Mwambie kuku wa bibi atazaa paka, atacheka. Muulize kama baba atarudi na matunda jioni, atasema huenda. Kazi ya mzazi au mwalimu ni kumsaidia aipime hiyo huenda, aone kwamba ipo iliyo karibu na hakika na ipo iliyo karibu na haiwezekani. Vifaa ni vilevile anavyohesabia darasa la kwanza: vizibo vya soda, vijiti na sarafu. Robo saa kwa siku inatosha.

Wengi huanza na kurusha sarafu. Mimi nashauri uanze na kuhesabu njia, maana mtoto asiyeweza kutaja yote yanayoweza kutokea hana cha kupimia.

Anza mezani. Kuna vinywaji vitatu, yaani chai, uji na maziwa, na vitafunwa viwili, andazi na kitumbua. Kila mtu atachukua kinywaji kimoja na kitafunwa kimoja. Muulize: watu wangapi wanaweza kukaa hapa, kila mmoja na mlo usiofanana na wa mwenzake? Usimpe kalamu mara moja. Akisie kwanza, ndipo achore. Watoto wengi hujibu tano kwa kuwa wanaona vitu vitano. Iandike hiyo tano pembeni bila kuisifu wala kuikosoa, kisha mwache afanye kazi.

Atachora chai na andazi, halafu maziwa na kitumbua, halafu atarudia chai na andazi bila kujitambua. Jean Piaget na Bärbel Inhelder, waliotoa kitabu kizima kuhusu fikra za watoto juu ya bahati mwaka 1951, waliliona jambo hili: mtoto mdogo huunganisha vitu kwa kubahatisha, na utaratibu wa kutoacha kitu nyuma huja kadiri anavyokua. Kwa hiyo usikimbilie kumwonyesha utaratibu wako. Muulize tu, "Umejuaje kwamba umemaliza?" Atakagua, atakuta marudio, atafuta. Siku moja atagundua mwenyewe kwamba anaweza kuishika chai kwanza, aiunganishe na andazi, kisha na kitumbua, ndipo aiache na kuhamia kwenye uji. Akifika hapo, amepata kitu kikubwa kuliko jibu lenyewe la sita. Sasa ongeza chapati mezani. Je, ataanza kuchora upya, au ataona kwamba kila kinywaji kimepata mwenzi mmoja zaidi na milo imekuwa tisa?

Darasani, watoto wenyewe ndio vifaa bora. Waite watatu, Asha, Juma na Neema, wapange mstari. Wenzao waongoze: nani atangulie, nani afuate? Kila mstari mpya uandikwe ubaoni kwa herufi za mwanzo, AJN, ANJ, na kuendelea, mpaka darasa likubali kwamba ni sita na hakuna wa saba. Kisha mwite Baraka asimame mbele ya wale watatu. Ukiuliza sasa ni mistari mingapi, wengi watasema saba au nane. Waache waone kwamba Baraka akitangulia, wale watatu nyuma yake bado wana mistari sita. Asha naye akitangulia, wengine watatu wana sita yao. Wanne kila mmoja na sita yake, jumla 24. Mtoto anayejua kujumlisha 6 mara nne ameshafika, na hana haja ya fomula.

Lipo jambo moja hapa linalowasumbua hata wanafunzi wa sekondari, na ni rahisi kulipanda mapema. Kati ya wale wanne, chagua wawili wakachote maji. Jozi ni ngapi? Mtoto makini atahesabu kwamba Asha anaweza kwenda na watatu, Juma na watatu, Neema na watatu, Baraka na watatu, na kusema 12. Usimwambie amekosea. Waambie Asha na Juma wasimame, kisha Juma na Asha wasimame. Watoto watacheka kwa kuwa ni walewale. Basi kila jozi imehesabiwa mara mbili, na jibu ni 6. Halafu badili swali: kati ya hao wanne chagua kiranja na msaidizi wake. Sasa Asha kuwa kiranja na Juma msaidizi si sawa na Juma kuwa kiranja na Asha msaidizi, na ile 12 ndiyo jibu. Swali la kujiuliza kila mara ni kama nafasi zina tofauti. Rudia kwa mifano ya kwao, kama nani ataosha vyombo na nani atavifuta, au wawili gani watalala kitanda kimoja, mpaka walitafute jibu la swali hilo kabla ya kuhesabu.

Sasa njoo kwenye bahati. Chukua mfuko wa kitambaa usioonyesha ndani, hata soksi ndefu inafaa. Tia vizibo vinane vyekundu na viwili vya kijani. Viwe vya umbo moja, visiwe na vilivyopinda, kwa sababu vidole vya watoto vina akili na vitatambua kizibo kilichobonyea. Mwonyeshe mtoto unachotia, ahesabu mwenyewe. Kabla hajatia mkono, akisie rangi itakayotoka na aseme sababu. Achomoe kimoja, aandike alama, akirudishe, mfuko utikiswe, achomoe tena. Kurudisha na kutikisa ni lazima. Bila hivyo mfuko unabadilika kila mara, na huo ni mchezo mwingine, mgumu zaidi. Fanyeni mara 20, mkiandika alama za vijiti, kila cha tano kikikata vinne vilivyotangulia.

Nyekundu zitakuwa karibu na 16. Zikiwa 14 au 18 hakuna ajabu yoyote. Hapa watu wazima huharibu kazi: namba isipotoka kama walivyotarajia, hurudia jaribio mpaka itoke, au humwambia mtoto kwamba hakutikisa vizuri. Acheni namba zilivyo. Kama ni darasa, makundi kumi yafanye mara 20 kila moja, yaandike ubaoni, yajumlishe. Watoto wataona makundi yametofautiana, moja limepata 13, jingine 19, lakini jumla ya 200 imekaa karibu na 160. Hilo ndilo somo lenyewe: mara chache huyumba, mara nyingi hutulia.

Katika zoezi hili utakutana na jambo ambalo kwangu ni muhimu kuliko mengine yote. Mtoto amekisia nyekundu, kikatoka cha kijani, akanuna. Mwenzake aliyekisia kijani anashangilia. Usimpongeze anayeshangilia. Waulize wote wawili, "Tukirudia, utachagua rangi gani?" Aliyechagua nyekundu alichagua vizuri, ingawa safari hii bahati haikumfuata, na anastahili kuambiwa hivyo waziwazi. Mtoto anayeelewa kwamba uamuzi mzuri unaweza kuleta matokeo mabaya, na uamuzi mbaya ukaleta matokeo mazuri, ameanza kufikiri kwa uwezekano. Anayehukumu uamuzi kwa matokeo yake tu hajaanza, hata kama anaweza kuandika sehemu.

Baada ya siku kadhaa leta mifuko miwili. Wa kwanza una kizibo kimoja chekundu na kimoja cha kijani. Wa pili una viwili vyekundu na vitatu vya kijani. Atakayepata chekundu anashinda: utachagua mfuko upi? Wadogo wengi huukimbilia wa pili kwa kuwa una vyekundu vingi. Wasipojua sehemu, wape njia ya kuoanisha: kila chekundu kipewe cha kijani cha kupambana nacho. Mfuko wa kwanza unatoshana. Wa pili una cha kijani kimoja kilichobaki bila mpinzani. Kisha chomoeni mara nyingi muone.

Mchezo wa sarafu mbili ndipo kuhesabu njia na bahati vinapokutana. Watoto watatu wanacheza. Mmoja anapata alama sarafu zote mbili zikionyesha kichwa, wa pili zote zikionyesha upande wa pili, wa tatu zikitofautiana. Kwa sarafu ya Tanzania ya shilingi 500 upande wa pili ni nyati. Kwa sarafu za Kenya zilizotolewa 2018 chagua mnyama utakayempata. Waulize kabla: mchezo huu ni wa haki? Watasema ndiyo, matokeo ni matatu na wachezaji ni watatu. Chezeni mpaka mmoja afikishe alama kumi. Wa tatu atashinda karibu kila mara, na malalamiko yatafuata. Wabadilishane zamu. Bado anayeshika nafasi ya tatu ndiye anayeshinda.

Sasa toa sarafu mbili zinazotofautiana, moja mpya inayong'aa na moja iliyochakaa, na waambie waandike yote yanayoweza kutokea kwa ule utaratibu wa chai na andazi. Mpya kichwa na kuukuu kichwa. Mpya kichwa na kuukuu nyati. Mpya nyati na kuukuu kichwa. Mpya nyati na kuukuu nyati. Ni njia nne, na mbili kati yake ni za yule wa tatu. Wasijisikie wajinga waliosema ni matatu. Jean le Rond d'Alembert, mwanahisabati mkubwa wa Ufaransa, alikosea karibu hapohapo. Katika kamusi elezo iitwayo Encyclopédie, mwaka 1754, aliandika kwamba ukirusha sarafu mara mbili, uwezekano wa kupata kichwa walau mara moja ni mbili kwa tatu. Ni tatu kwa nne. Watoto hufurahi sana kusikia hivyo.

Usiwaache waamini kwamba mambo mawili yakiweza kutokea basi ni nusu kwa nusu. Rusha kizibo cha soda. Kinaweza kuangukia mgongo au kuangukia meno, lakini hakuna sababu ya kudhani kwamba pande hizo zinalingana. Rusheni mara 50 muone. Baadaye mtoto atakayesema kesho ama mvua itanyesha ama haitanyesha, kwa hiyo ni nusu kwa nusu, muulize kama hivyo ndivyo ilivyo Dar es Salaam mwezi wa nne, wakati wa masika, na kama ni hivyohivyo mwezi wa saba.

Ludo nayo ina imani yake: sita ni ngumu kutoka. Mtoto anaiamini kwa sababu anaingoja sita ili atoe kete nyumbani, na hakuna anayeingoja moja. Rusheni dadu mara 60 huku mkiandika namba zote. Kila namba itakuwa karibu na kumi, zingine saba, zingine kumi na tatu. Kisha chora kwa chaki njia 12 sakafuni, kila mtoto achague namba yake, mrushe dadu mbili na kujumlisha; namba iliyotoka inasogea hatua moja. Aliyechagua moja hatasogea kamwe, na ni vizuri agundue mwenyewe kwa nini. Saba itatangulia mara nyingi, kwa kuwa ina njia 6 kati ya 36, wakati mbili ina njia moja tu.

Michezo hii isichezwe kwa pesa, wala kwa pipi za kushinda. Mitaa yetu ina mashine za kamari, na ingawa sheria ya Tanzania inawakataza walio chini ya miaka 18, watoto wanaziona na wanawaona kaka zao wakizichezea. Anayeamini kwamba sarafu iliyotoa kichwa mara nne sasa "inadaiwa" nyati ndiye anayeamini kwamba mashine iliyomla asubuhi itamrudishia jioni. Jaribuni: kila kichwa kikitoka mara tatu mfululizo, andikeni kilichofuata, pembeni. Orodha ikirefuka, wataona kwamba sarafu haikumbuki kitu.

Kwa mtoto wa darasa la sita au la saba aliyeyamaliza haya na anataka zaidi, mpe swali la dadu ambalo mwanasayansi Galileo aliwahi kulijibu. Ukirusha dadu tatu, jumla ya 9 ina mafungu sita ya namba, na jumla ya 10 ina mafungu sita pia; mbona 10 hutoka mara nyingi zaidi? Mpe dadu za rangi tatu tofauti, daftari, na siku za kutosha. Atafuteje, umeshamfundisha: ashike rangi moja kwanza. Akirudi na 25 kwa 9 na 27 kwa 10, kati ya njia 216, muulize amejuaje kwamba amemaliza.